Kimya Si Sifuri

Kipimo cha kwanza cha mvua nilichokishika mkononi kilikuwa mtungi wa shaba wenye mdomo wa inchi 5, uliochimbiwa nusu yake ardhini nyuma ya nyumba ya bwana shamba, hapa kwetu Busi, wilaya ya Kondoa. Ndani ya mtungi ilikaa chupa, na ndani ya nyumba lilikaa daftari. Kila siku saa tatu asubuhi bwana shamba aliimimina ile chupa katika kioo chembamba chenye mistari, akainama mpaka jicho lake likawa sawa na maji, kisha akaandika tarakimu moja. Kazi yote haikuzidi dakika mbili. Mimi, mtoto wa darasa la tano, niliiona kuwa kazi ya mzaha, na labda ndiyo sababu nilimwomba anifundishe.

Ilikuwa Januari 1975. Miaka ile mvua zilikuwa za kubabaisha, na serikali ililazimika kuagiza nafaka nyingi kutoka ng'ambo ili watu wasife njaa. Bwana shamba aliitwa mjini kwa wiki tatu, akaniachia daftari, kioo na penseli. Wiki ya kwanza niliitumikia kazi ile kwa uaminifu. Wiki ya pili mjomba wangu alipita akiswaga ng'ombe kwenda mnadani, akanichukua nimsaidie. Tulikawia siku nne. Niliporudi nilikuta chupa ina maji, lakini sikujua ni ya siku ipi kati ya zile nne, wala kama ni ya mvua moja au mbili. Niliogopa. Nikayamwaga, nikaandika sifuri nne, moja chini ya nyingine, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Bwana shamba aliporudi alilitazama daftari, akatoka nje, akaenda kusimama ukingoni mwa shamba lake la mtama. Akaniita.

"Kijana, mtama huu umeota kwa sifuri?"

Sikuwa na jibu. Hakunipiga. Alichukua kalamu nyekundu, akazikata zile sifuri, na mahali pa kila moja akachora kistari. Kisha akasema maneno ambayo sijayasahau hadi leo: "Sifuri ni habari. Maana yake ulikwenda, ukatazama, ukakuta mvua haikunyesha. Kistari ni kukiri kwamba hukuwapo. Kama hukuwapo, sema hukuwapo. Usimpe mtu habari ambayo wewe mwenyewe huna."

Msomaji ataniwia radhi kwa kuanza na kosa la utotoni katika makala inayohusu mitambo. Nimeanza hapo kwa sababu habari ninayotaka kuisimulia, ya vifaa vidogo vinavyopima mvua na maji na kupelekeana habari vyenyewe, ni sura ya mwisho tu ya hadithi ndefu. Na ndani ya sura hiyo nilikutana tena na sifuri zangu.

Haja ya kujua mvua ya mahali usipokuwapo ni ya zamani. Huko Korea, katika miaka ya 1441 na 1442, wakati wa Mfalme Sejong, vipimo vya mvua vya aina moja vilitengenezwa na kusambazwa majimboni na wilayani, na maofisa wakaamriwa kupeleka makao makuu habari ya mvua iliyonyesha kwao. Shabaha ilikuwa mavuno na kodi. Tukiutazama vizuri, ule ulikuwa tayari mtandao: vyombo vingi vinavyofanana, vilivyotawanyika, na mahali pamoja pa kukusanyia habari. Kilichokuwa kizito ni njia, maana habari ilikwenda kwa mwendo wa farasi na miguu ya mtu.

Uingereza nayo ilipata mtandao wake mwaka 1860, pale George James Symons alipoanza kuwakusanya watu wa kujitolea: makasisi, walimu, wenye mashamba, kila mmoja na kipimo chake uani. Alipofariki mwaka 1900, watu hao walikuwa zaidi ya 3,000. Symons hakuwa na jeshi wala amri ya mfalme. Alichokuwa nacho ni kanuni: pimeni kwa namna moja, kwa saa moja, na mnieleze ukweli.

Hapa kwetu tunao mfano wa jinsi kutojua mvua kunavyogharimu. Aprili 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, kikosi cha wapanda farasi wa Afrika Kusini chini ya Jenerali Jacob van Deventer kiliteremka kutoka upande wa Arusha kikawanyang'anya Wajerumani mji wa Kondoa. Kamanda mkuu, Jan Smuts, alitarajia kwamba mvua za huku bara zingekuwa nafuu kuliko zile za Kilimanjaro. Hazikuwa nafuu. Masika ilizikata barabara nyuma ya kikosi, chakula hakikufika, wanajeshi wakaugua, farasi wakafa kwa mamia. Mwezi Mei Wajerumani wa von Lettow-Vorbeck wakawashambulia wakashindwa kuwang'oa. Lakini washindi nao hawakuweza kuondoka mpaka Juni. Mkulima yeyote wa milima ya Irangi angeweza kuwaambia mwezi wa Aprili una nini. Ila habari ya mkulima haikuwa na njia ya kufika mezani kwa jenerali.

Mwaka 1929 serikali ya kikoloni iliunda huduma moja ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki, makao yake Nairobi. Vituo vya reli, misheni, mashamba ya walowezi na mabwana shamba walipewa vipimo. Huduma hiyo iliendelea baada ya uhuru chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ilibaki na yake. Ya kwetu ikawa Wakala wa Hali ya Hewa mwaka 1999 na Mamlaka mwaka 2019. Katika miaka hiyo yote, tarakimu ya kijiji kama Busi ilisafiri kwa karatasi. Ilipimwa leo, ikanakiliwa katika fomu mwisho wa mwezi, ikatiwa ndani ya bahasha, ikangoja gari. Ilipofika, ilikuwa imekwisha kuwa historia.

Hata hivyo historia hiyo ilikuwa na nguvu zake. Tarakimu za ofisini huhamisha watu na mifugo. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, tuliouita HADO, kwa msaada wa Sweden, kwa sababu vilima vya Kondoa vilikuwa vimebaki mifupa na makorongo. Mwaka 1979 ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda wote waliondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Nilikuwa kijana tayari, nikawaona wazee wakilia kwa ajili ya ng'ombe. Sisemi kwamba sifuri zangu nne zilimhamisha ndama hata mmoja. Nasema tu kwamba siku zile nilielewa kwa nini bwana shamba alitumia kalamu nyekundu.

Sasa tuje kwenye mitambo. Mtambo hauna jicho la kuinama usawa wa maji, kwa hiyo hupima kwa kuhesabu. Njia hiyo ilibuniwa na Waingereza Christopher Wren na Robert Hooke katika karne ya 17: maji ya mvua hudondokea katika kijiko chenye pande mbili kama pembea, upande mmoja ukijaa huinama na kumwaga, upande wa pili ukapanda kupokea. Siku hizi kijiko hicho hubeba sumaku ndogo, na kila kinapoinama hugusanisha nyaya mbili kwa nukta moja. Katika vipimo vingi mguso mmoja ni milimita 0.2 za mvua. Kifaa cha namna hii, kinachogeuza mvua, joto au kina cha maji kuwa ishara ya umeme, tunakiita kihisi. Mjini Dodoma, ambako mvua ya mwaka mzima ni wastani wa milimita 570 hivi, kijiko hicho kingeinama kama mara 2,850 tu kwa mwaka. Siku nyingine zote kingekaa kimya.

Kimya hicho ndicho kilichokuwa kitendawili. Kifaa kilichoko porini, chenye betri ndogo, kitazungumzaje na dunia bila kumaliza nguvu zake na fedha za mwenyewe? Jibu moja lilipatikana mwaka 1999. Andy Stanford-Clark wa kampuni ya IBM na mwenzake Arlen Nipper walikuwa wakitafuta namna ya kufuatilia mabomba ya mafuta yanayopita jangwani, kwa njia ya satelaiti ambayo malipo yake yalikuwa makubwa. Wakatunga kanuni ya mawasiliano iitwayo MQTT, nyepesi kiasi kwamba ujumbe wa kusema "bado nipo" una baiti 2 tu, sawa na herufi mbili.

Namna inavyofanya kazi si ngeni kwetu sisi tuliokua chini ya balozi wa nyumba kumi. Mwenye habari hagongi kila mlango, humpelekea balozi. Anayetaka habari za maji humwambia balozi, "Habari za maji zikija, nijulishe." Mtoa habari hana haja ya kumjua msikilizaji, wala msikilizaji hana haja ya kujua mtoa habari anakaa wapi. Balozi huyo ni kompyuta moja tu. Vifaa vyote vinavyobaki vinaweza kuwa vidogo na maskini.

Jibu la pili lilitoka mahali ambapo hakuna aliyelitafuta. Mei 1995, huko California, Brendan Eich wa kampuni ya Netscape alitunga kwa siku 10 lugha ya kuzipa uhai kurasa za intaneti. Lugha hiyo ikaitwa JavaScript. Haikuzaliwa kwa ajili ya mvua wala mabomba. Ilizaliwa ili mtu akibonyeza kitufe, ukurasa uitike. Lakini tabia yake hiyo ya kungoja ndiyo iliyoifikisha mbali. Programu nyingi za zamani zilikuwa kama karani anayesoma orodha ya kazi kutoka juu hadi chini. Programu ya JavaScript ni kama mlinzi wa lango: hukaa, na likitokea jambo hufanya alichoagizwa, kisha hurudi kukaa. Na kihisi kinahitaji nini zaidi ya hicho? Sentensi muhimu kuliko zote katika programu ya kupima mvua, tukiiandika kwa Kiswahili, husema hivi: nyaya hizi zikigusana, ongeza moja.

Mwaka 2009 Ryan Dahl aliitoa lugha hiyo ndani ya kurasa akaipa makao katika kompyuta yenyewe, kwa programu aliyoiita Node.js. Mwaka 2012 Mwingereza Gordon Williams alianza kuionyesha dunia programu yake ya Espruino, inayoiwezesha JavaScript kukaa ndani ya kompyuta ndogo ya kidole kimoja; kibao chake cha kwanza, kilichochangiwa fedha na watu wa kawaida mwaka 2013, kilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 48 tu. Mwaka huo huo Nick O'Leary na Dave Conway-Jones wa IBM walitoa Node-RED, ambamo mtu huunganisha vifaa kwa kuchora mistari baina ya visanduku. Mwaka 2014 kampuni ya Espressif ya Shanghai ikaleta sokoni ESP8266, kompyuta yenye redio ya Wi-Fi ndani yake, kwa bei ya dola chache. Hapo kijana wa kawaida, mwenye lugha moja tu ya kompyuta, aliweza kuiandikia kihisi, kumwandikia balozi, na kuuandikia ukurasa wa kuonyesha matokeo, kwa lugha ile ile. Kwa mtu anayejifunza peke yake usiku, jambo hilo si dogo.

Afrika Mashariki haikukaa ikitazama. Mwaka 2013 ulianza mradi wa WIMEA-ICT, uliowaunganisha Chuo Kikuu cha Makerere, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Juba na Chuo Kikuu cha Bergen cha Norway. Walibuni vituo vya hali ya hewa vya bei nafuu ambamo vihisi vya juu ya mlingoti, vya urefu wa mita 2 na vya ardhini vilipelekeana habari kwa redio ndogo bila waya. Mtandao mwingine, TAHMO, ulijiwekea lengo la vituo 20,000 barani Afrika, na vingi umeviweka katika viwanja vya shule. Na huko Kyuso, katika nchi kavu ya Kitui nchini Kenya, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitia ndani ya mikono ya pampu za visima vifaa vinavyohesabu mara ambazo mkono umepanda na kushuka, na kutuma hesabu hiyo kwa ujumbe wa simu. Pampu ikikaa bila kutikisika, fundi hujulishwa. Matengenezo yaliyokuwa yakichukua siku 27 kwa wastani yalishuka hadi chini ya siku 3.

Habari hizo ndizo zilizomfanya mpwa wangu, mtoto wa dada, aje likizo na mkoba wa vibao na nyaya. Alikuwa akisoma mjini Dodoma. Akaniambia, "Mjomba, wewe si hupenda mvua? Tukufungie mtandao wako." Tulifunga vifaa vitatu. Kimoja kilihisi kina cha maji katika tangi la nyumbani. Cha pili kilihisi unyevu wa udongo shambani karibu na nyumba. Cha tatu, ndicho muhimu, kilikuwa kipimo cha mvua cha kijiko, tulichokisimamisha juu mlimani katika shamba la mdogo wangu, mahali ambapo simu hushika vizuri. Kilikuwa na betri, paneli ndogo ya jua, modemu na laini ya simu yenye bando. Vyote vitatu vilimpelekea habari balozi, aliyekuwa kompyuta ya kukodi, nami nikasoma kwenye simu yangu. Programu zote zilikuwa za JavaScript, na ile ya mvua haikujaza ukurasa mmoja wa daftari.

Nieleze kwa nini mlima ulikuwa muhimu. Chini ya kijiji lipo korongo. Miezi mingi ni mchanga mtupu, na kina mama huchimba humo kupata maji. Lakini mvua ikinyesha milimani, korongo huja ghafla wakati kijijini jua linawaka. Aliye chini hana namna ya kujua. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wa korongo huusikia ukiwa umekwisha kufika.

Ilikuwa Januari 2024. Watu walikuwa na hofu bado, maana haukuwa umepita muda mrefu tangu Desemba 3, 2023, siku tope la Mlima Hanang liliposhuka Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Kulikuwa na mawingu mazito siku ya tatu mfululizo. Mke wa mdogo wangu alikuwa ng'ambo ya korongo na punda wawili wenye mizigo ya mahindi. Akanipigia simu.

"Shemeji, huko juu kumenyesha?"

Nikafungua simu nikasoma. Sifuri. Saa iliyotangulia, sifuri. Usiku kucha, sifuri. Nikamwambia, "Hakujanyesha, shemeji. Vuka tu."

Korongo lilimkuta katikati. Yeye aliokoka kwa kushika mzizi wa mkuyu. Punda mmoja alichukuliwa na mzigo wake, tukamkuta kesho yake mbali sana chini. Jioni ile shemeji alikuja nyumbani akiwa bado na tope kwenye nywele. Hakunilaumu. Aliuliza tu, kwa sauti ya kawaida, "Kile chombo chenu hupima nini hasa?"

Mpwa wangu alipanda mlimani asubuhi. Kipimo kilikuwa kizima, ila betri ilikuwa imekufa tangu juzi yake. Sababu ilikuwa mawingu. Paneli ilikosa jua siku tatu, na modemu ikala akiba yote. Yaani kile kile tulichokiweka kifaa kukitazama ndicho kilichokifumba macho. Kingekuwa hai siku zote za jua na kufa siku za mvua. Hilo lilikuwa kosa letu la kwanza, nalo ni la ufundi, huponywa kwa paneli kubwa zaidi.

Kosa la pili liliniuma zaidi. Kama kifaa kilikuwa kimekufa, zile sifuri ziliandikwa na nani? Mpwa wangu alikaa na programu yake mpaka usiku, akanionyesha. Kila saa programu ilitafuta hesabu iliyoletwa na mlima. Isipoipata, ilichukua nafasi tupu, ikaiomba JavaScript iigeuze kuwa namba ili iingie katika mchoro. Na JavaScript, ukiipa nafasi tupu na kuiamuru iwe namba, hukurudishia sifuri. Hailalamiki. Lugha hiyo inalo neno lake la kusema "hii si namba", lakini kwa nafasi tupu hailitumii. Ndivyo ilivyotungwa, na kwa kuwa kurasa zisizohesabika duniani zimejengwa juu yake, ndivyo itakavyobaki. Hakuna aliyekusudia uongo. Kama mimi mwaka 1975, programu ilikuta mahali ambapo ilipaswa kuwa na kitu, ikaona aibu kuacha wazi.

Nilimsimulia mpwa wangu habari ya kalamu nyekundu. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Basi mjomba, tukipe kifaa wosia."

Nilidhani anatania. Kumbe katika kanuni ile ya mwaka 1999 jambo hilo limo tangu zamani, na kwa jina hilo hilo. Kifaa kinapojitambulisha kwa balozi kinaweza kumwachia ujumbe wa akiba: "Nikinyamaza bila kuaga, watangazie hivi." Pia hukubaliana muda wa kusalimiana. Ukipita muda huo na nusu yake tena bila neno lolote, balozi huchukulia kwamba mwenzake hayupo, akausoma wosia kwa wote wanaosikiliza. Tuliweka dakika 20. Kwa hiyo dakika 30 za kimya zinatosha. Wosia wa kipimo chetu una maneno matatu: "Mlima hausikiki sasa." Simu yangu hulia, na ya shemeji hulia. Halafu katika jedwali, mahali pasipo na habari, programu sasa huandika kistari.

Baada ya hapo nilianza kuziona sifuri za namna hiyo kila mahali. Ipo orodha maarufu ya vituo vya maji vya Tanzania, iliyotokana na takwimu za Wizara ya Maji na kutolewa kwa watu wa dunia nzima washindane kubashiri ni pampu ipi imeharibika. Ina vituo 59,400, na zaidi ya theluthi moja vilikuwa havitoi maji. Ni kazi kubwa na ya manufaa, iliyofanywa na watu waliozunguka vijijini kwa miguu na pikipiki. Lakini katika orodha hiyo vituo zaidi ya 20,000 vinaonekana vilijengwa mwaka 0, na vingine zaidi ya 1,800 vina longitudo 0, jambo linaloviweka baharini, kusini mwa Ghana. Hakuna kisima cha Tanzania kilichochimbwa kabla ya Yesu, wala kilichomo baharini. Ni mahali ambapo mtu, au programu, ilikosa jibu ikaandika sifuri. Aliyekaa mbali, akiwa na kompyuta nzuri, asipojua hilo atachora ramani safi ya mambo yasiyokuwapo.

Waswahili husema asiyekuwapo na lake halipo. Zamani niliichukua methali hiyo kuwa onyo kwa mtu anayekosa mkutano ambao mali inagawanywa. Sasa naiona pia kama kanuni ya kutunza kumbukumbu. Kihisi kilichokufa hakikuwapo, na lake halipo, tusimwazime neno. Kuanzia mfalme wa Korea hadi Symons, kutoka mtungi wa shaba hadi kibao cha dola chache, vyombo vimekuwa vyepesi na habari imekuwa ya haraka. Lakini haraka hiyo ina hatari yake. Sifuri zangu za mwaka 1975 zilikuwa na wiki kadhaa za kukamatwa kabla ya kumfikia mtu. Sifuri ya Januari 2024 ilimfikia shemeji kwa nukta chache, akaingia nayo mtoni.

Kando ya nyumba yangu nimesimamisha kipimo cha mkono, chupa na kioo, kama kile cha zamani. Kila siku saa tatu asubuhi nainama, magoti yakinilaumu, nikaandika tarakimu moja katika daftari, kisha nikailinganisha na ile ya simu. Mara nyingi haziko mbali. Shemeji naye, kabla ya kuvuka, bado hunipigia. Ila haniulizi tena kama kumenyesha. Huuliza kwanza, "Mlima unasikika?"

Mwezi uliopita nilikuwa Dodoma kwa siku tatu, kwa ajili ya macho. Daftari langu lina vistari vitatu.